Bustani Inayogeuka Uwanja wa Mbio: Motokaa za Albert Park, Melbourne

Neno “bustani” hutuletea moyoni habari za kivuli, maua, na watu wanaotembea jioni kupunga upepo. Katika mji wa Melbourne, ulio kusini ya nchi ya Australia, iko bustani kubwa iitwayo Albert Park, nayo siku nyingi za mwaka ni ya namna hiyo hiyo. Katikati yake pana ziwa, na juu ya maji yake huogelea bata maji weusi wenye shingo ndefu. Watoto hucheza mpira, wazee hucheza gofu, na barabara izungukayo ziwa hupitiwa na watu waendao kwenye shughuli zao bila ya haraka. Lakini mara moja kwa mwaka, kwa kawaida katika mwezi wa Machi, barabara hiyo hufungwa, huzungushiwa kuta za saruji na nyavu za chuma, ikageuka uwanja wa mbio za motokaa zilizo miongoni mwa zile za kasi kabisa duniani. Mashindano hayo huitwa Grand Prix ya Australia, nayo ni sehemu ya mashindano ya dunia ya Formula One.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu mambo yanayotukia pale tangu Ijumaa hata Jumapili, ili kila atakayesikia habari zake katika redio aweze kuzifuata kwa akili, wala asisikie kelele tupu za injini.

Kwanza tuseme juu ya mahali penyewe. Bustani hiyo iko kiasi cha kilomita 3 kusini ya katikati ya mji, nayo ilipewa jina la Prince Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Zamani mahali pale palikuwa kinamasi, na ziwa lililopo leo ni kazi ya mikono ya watu. Grand Prix ya Australia ilipigwa hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1953, akashinda Doug Whiteford. Na mwaka 1956 akashinda Mwingereza, Stirling Moss. Baada ya mwaka 1958 mbio zilikoma, na bustani ikarudi kwa wenyeji. Formula One ilipofika Australia mwaka 1985, ilianzia mji wa Adelaide, na mwaka 1996 ndipo ilipohamia Albert Park. Si watu wote walioipokea kwa furaha. Wako wakazi walioona kuwa bustani ni mali ya umma, wala haifai kufungwa kwa ajili ya mbio. Wakafanya maandamano, wakafunga tepe za rangi ya manjano kuwa alama ya kupinga kwao. Wengine walijibu kwamba wageni huleta fedha mjini. Shauri hilo halijakwisha mpaka leo, na msomaji mwenye haki atakubali kwamba kila upande una neno la kusema.

Sasa tutazame njia yenyewe. Urefu wake ni kilomita 5.278, yaani maili tatu na zaidi ya robo, nayo ina kona 14. Sheria yasema kwamba mbio za Formula One, isipokuwa zile za Monaco, ziwe na idadi ndogo kabisa ya mizunguko itakayopita kilomita 305. Wanafunzi na wachukue kalamu. Mizunguko 57 ya Albert Park ni kilomita 300.8, haitoshi, mizunguko 58 ni kilomita 306.1, yatosha. Kwa hiyo mbio ni za mizunguko 58. Tena, katika mbio za mwaka 2024, Charles Leclerc alimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 1 na sekunde 19.813. Gawanyeni mita 5,278 kwa sekunde 79.813, mtaona kwamba alikwenda mita 66 kwa kila sekunde moja, kona na zote zikiwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa saa moja ni kilomita 238, au maili 148. Kabla hujamaliza kutamka jina lako na la baba yako, motokaa hiyo imekwisha kupita uwanja mzima wa mpira.

Siku ya Ijumaa ni ya mazoezi. Madereva hupewa vipindi viwili, kila kimoja cha saa moja. Huenda mtu akauliza: mabingwa hawa wana haja gani ya mazoezi? Jibu ni kwamba njia yenyewe haijawa tayari. Kumbukeni kwamba hii ni barabara ya bustani. Vumbi limetanda juu yake, na majani yameangukia. Mpira wa gurudumu hushika vizuri zaidi juu ya lami iliyopakwa mpira wenzake. Kila motokaa ipitapo huacha utando mwembamba wa mpira mahali pale pale, mzunguko baada ya mzunguko, hata ukatokea mstari mweusi. Juu ya mstari huo njia hushika. Nje yake huteleza. Ndiyo maana mwendo wa Jumamosi kwa kawaida huzidi ule wa Ijumaa asubuhi, ijapokuwa dereva ni yule yule na motokaa ni ile ile.

Jumamosi, baada ya saa moja nyingine ya mazoezi, huja shindano la kupanga safu. Kila dereva hujaribu kuzunguka kwa muda mfupi iwezekanavyo. Walio nyuma hutolewa kwa mafungu mawili, hata wakabaki kumi, nao hushindania mahali pa mbele. Jambo hili si la fahari tu. Kupita motokaa ya mwenzio ni kazi ngumu, kwa sababu motokaa iliyo mbele huuvuruga upepo, na ile inayofuata hutegemea upepo ule ule uikandamize chini isiteleze. Aliyeanza mbele ameepuka taabu nyingi.

Jumapili alasiri ndiyo mbio zenyewe. Motokaa husimama katika safu zake, taa tano nyekundu huwaka moja baada ya moja, kisha huzimika zote kwa pamoja, na hapo ndipo wote huondoka. Hapa pana tofauti na mbio za Safari, zilizoanza katika nchi zetu za Afrika Mashariki mwaka ule ule wa 1953. Katika Safari madereva huondoka mmoja mmoja na kushindana na saa; Albert Park wote huondoka pamoja na kushindana uso kwa uso. Anayeshinda hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, na hivyo kushuka hata wa kumi apatae 1.

Pana kona moja ambayo twapenda msikilizaji aitege sikio, nayo ni kona ya tatu. Madereva huifikia kwa kasi kubwa, kisha yawabidi kufunga breki kwa nguvu sana ili wageuke kulia. Dereva akichelewa kidogo tu, humparamia aliye mbele. Mwaka 1996 motokaa ya Martin Brundle iliruka juu hapo na kuvunjika vipande. Mwaka 2016 ya Fernando Alonso ilibingirika mpaka ukutani. Wote wawili walitoka wakatembea kwa miguu yao. Brundle alikimbia kwenda kutafuta motokaa ya akiba ili aanze tena. Hapo twaona kwamba hata katika mbio za motokaa pupa haifai: aingiaye konani kwa pupa hutoka amechelewa, na aingiaye kwa kiasi hutoka na mwendo.

Jambo jingine ni magurudumu. Iko mipira laini yenye alama nyekundu, ya kati yenye alama ya manjano, na migumu yenye alama nyeupe. Ile laini hushika sana lakini huisha upesi. Ile migumu hudumu lakini haishiki vile. Ikiwa hakuna mvua, kila dereva lazima atumie aina mbili, na kwa hiyo hana budi kuingia penye mafundi wake mara moja au zaidi. Mafundi kama ishirini humngojea, kila mmoja na kazi yake, nao hubadili magurudumu manne kwa sekunde mbili au tatu. Tangu mwaka 2010 hakuna ruhusa ya kuongeza mafuta katikati ya mbio.

Na mvua ikinyesha, hesabu zote hupinduka. Mwaka 2025 njia ilikuwa ya maji, na motokaa moja ilianguka kabla mbio hazijaanza. Karibu na mwisho mvua ilirudi ghafula. Lando Norris na mwenzake Oscar Piastri, kijana mzaliwa wa Melbourne, wote wawili waliteleza wakatoka njiani. Norris alirudi akashinda. Piastri alinaswa majanini mbele ya watu wa mji wake, akajitahidi kujinasua, akamaliza wa tisa. Australia imetoa mabingwa wa dunia, Jack Brabham na Alan Jones, lakini hata kufikia mwisho wa mwaka 2025 hapakuwa na Mwaustralia aliyepata kushinda Grand Prix ya nchi yake tangu ilipokuwa sehemu ya mashindano ya dunia.

Sasa tuseme neno la mwisho, na kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Kando ya njia husimama wanaume na wanawake wenye bendera. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Bendera ya manjano huonya hatari. Nyekundu husimamisha mbio. Ya buluu humwambia aliyeachwa nyuma ampishe mwenziwe. Mwaka 2001 motokaa mbili ziligongana katika mbio hizo za Melbourne, gurudumu moja likang’oka, likapenya katika nafasi iliyokuwa wazi katika uzio, likamwua mmoja wa watu hao wa kujitolea. Nafasi ile ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kuondoa uhai wa mtu. Tahadhari kabla ya hatari si maneno ya kuandikwa ukutani tu. Ukuta wa saruji, wavu wa chuma, kamba ngumu zinazofunga magurudumu yasiruke, na upinde wa titani uliowekwa juu ya kichwa cha dereva tangu mwaka 2018, vyote hivyo vimeletwa na mafunzo yaliyonunuliwa kwa thamani kubwa.

Basi, mtakaposikia katika redio kwamba fulani ameshinda Melbourne, mkumbuke pia yule aliyesimama konani na bendera yake muda wote wa mbio, ambaye jina lake halitatajwa. Kesho yake mafundi huanza kuzibomoa kuta na kuzikunja nyavu, na baada ya majuma machache bustani huwa bustani tena. Watoto hurudi na mpira wao, na barabarani, penye mstari mweusi wa mpira unaofifia, watu hupita kwa mwendo wa pole kwenda nyumbani.