Mbwa wa Kongo kwenye theluji

Asubuhi mawingu yakifunguka, mtu wa Mutwanga, hapa kwetu Kongo, huiona theluji bila kutoka uani kwake. Iko kule juu Ruwenzori, kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na wengi wetu tunaiita barafu tu. Wazee walikuwa na jina lake, nzururu, na ndimo lilimotoka jina Rwenzururu. Haihitaji majira ya baridi: kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban digrii 6, na kutoka kwenye migomba yetu hadi kileleni kuna karibu mita 4,000. Piga hesabu, utafika sifuri. Lakini njia ya kwenda huko, ile ya vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mbwa wa nyumbani hana ruhusa humo. Katika miaka yangu yote ya kutibu mifugo hapa sijawahi kuletewa mbwa aliyeumizwa na baridi.

Mgonjwa wa kwanza wa aina hiyo nimempata kwa simu. Mpwa wangu anaishi Montreal, Kanada, na mwezi wa kwanza alinitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, Safi hataki kutoka. Nikimvuta hadi barazani ananyanyua mguu mmoja, halafu wa pili, kama anayekanyaga makaa. Jirani anasema nisimdekeze, atazoea."

Safi ni mbwa wa aina ya basenji, na mpwa wangu alimchagua kwa sababu aliambiwa ni mbwa wa kwetu. Hilo ni kweli. Ni wa ukoo wa mbwa wa kuwindia wa misitu ya Kongo, wale ambao Wambuti wa Ituri huwavalisha kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo, kwa kuwa hawabweki kama mbwa wengine. Jina lenyewe lina undugu na neno "washenzi", na naomba radhi kwa niaba ya waliolibandika. Waingereza walijaribu kuwapeleka kwao mwaka 1895, wakafa kwa homa ya mbwa. Walifanikiwa miaka ya 1930, na mwaka 1937 mbwa hao walioneshwa katika maonyesho ya Crufts, London, watu wakajaa kuwatazama. Tangu hapo wamezaliana Ulaya na Marekani, vizazi kwa vizazi, lakini ngozi yao bado ni ya msituni: nywele fupi, nyembamba, na chini yake hakuna lile tabaka la sufu ambalo mbwa wa nchi za baridi huota.

Nywele ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ukubwa wa mwili, na hapa kila mpishi ananielewa. Epua fufu, liache bonge zima kwenye sahani, kisha kata tonge moja uliweke pembeni. Tonge litapoa wakati bonge bado linaunguza vidole. Joto hutengenezwa na nyama yote iliyo ndani, lakini hupotelea kwenye ngozi, na kiumbe kidogo kina ngozi nyingi ukilinganisha na nyama ya kuipasha. Mbwa mkubwa wa kilo 40 ni bonge. Safi, mwenye kilo 10, ni tonge. Tena ni mfupi kwa kimo, hivyo theluji inayomfikia mbwa mkubwa kwenye magoti yeye inamgusa tumboni, mahali ambapo nywele ni chache zaidi. Ndiyo maana ule ushauri wa "atazoea" haunipendezi. Mwili huzoea kiasi, lakini hesabu ya tonge na bonge haibadiliki.

Ajabu ni kwamba kiungo tunachokihurumia zaidi ndicho kilichojengwa vizuri. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walieleza jinsi wayo wa mbwa unavyojilinda. Mishipa inayoshusha damu ya moto na ile inayorudisha damu iliyopoa imelala bega kwa bega, kwa hiyo damu inayorudi moyoni hupashwa njiani na ile inayoshuka. Wayo unabaki wa baridi kiasi, ila haugandi, na baridi yake haifiki kifuani. Kwa nini basi Safi ananyanyua miguu? Niliuliza barabara yao ikoje. Wameimwagia chumvi, kama miji mingi ya kule inavyofanya ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huingia kwenye mipasuko ya nyayo na kuchoma, na mbwa akijilamba anaimeza. Halafu theluji hujikusanya kati ya vidole ikawa vigololi vigumu. Jaribu kutembea na mchanga wa mto Semuliki ndani ya kiatu.

Kwa hiyo nilimwambia hivi. Ampake Safi mafuta mazito ya kujipaka kwenye nyayo kabla ya kutoka, na wakirudi amwoshe kwa maji vuguvugu na kumkausha hadi katikati ya vidole. Amvalishe vazi linalofunika mgongo na tumbo pia, kwani mengi ya madukani yanafunika mgongo tu kwa urembo. Likilowa livuliwe, maana nguo mbichi ni mbaya kuliko kukosa nguo. Matembezi yawe mafupi, mara nyingi, mchana jua likiwapo. Chini ya sifuri mbwa wa umbo lake anahitaji uangalizi, na ikishuka chini ya digrii 7 hasi atoke kwa haja tu, kisha arudi ndani wakacheze kwenye ujia.

Kuna jambo nililorudia mara mbili. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39 na kitu. Likianza kushuka anatetemeka, na kutetemeka ni kazi: misuli inachoma chakula ili itoe joto. Hofu ianze pale anapoacha kutetemeka huku mwili bado ni wa baridi, akalegea, akatembea kama mlevi. Hapo si wa kusuguliwa wala kutumbukizwa kwenye maji ya moto. Afungwe blanketi kavu, apashwe kifua na tumbo polepole, apelekwe kwa daktari bila kungoja asubuhi. Na mpwa wangu akiona maji ya rangi yaliyomwagika chini ya gari, ampitishe Safi mbali. Kemikali inayozuia maji ya rejeta kuganda, ethilini glikoli, ina utamu, mbwa huilamba, na kiasi kidogo tu kinaweza kuua figo za mbwa mdogo. Sisi hapa tunajaza maji ya mtoni kwenye rejeta zetu. Angalau hilo haliwaui mbwa wetu.

Mke wangu alisikia mazungumzo yale akacheka: mbwa na sweta! Na mimi zamani nilicheka vivyo hivyo nilipoona picha za mbwa waliovalishwa koti. Lakini tunaona kawaida mtoto anayefika Butembo alfajiri kufungwa kofia na kitambaa, na Butembo iko mita 1,700 na kidogo tu, haijawahi kuganda.

Jana mpwa wangu alinitumia picha. Amekata kitenge alichopewa na mama yake, akakishona juu ya kipande cha blanketi, na vishikizo viwili chini ya tumbo. Safi amesimama mlangoni, mkia umejikunja juu ya kiuno kama kawaida ya aina yake, nyayo zinang'aa mafuta, anaiangalia theluji kama anayesoma barua ya kodi. Nilimjibu kwamba kazi ni nzuri, ila masikio amesahau, na ni kati ya viungo vinavyoganda kwanza.