Nani Anamaliza Luku? Nilivyopima Umeme wa Kadi ya Grafiki

Geto letu tunakaa watatu na luku ni moja. Muhula huu uniti zikaanza kuisha mapema, na lawama zote zikaja kwangu: "Ni wewe na hiyo laptopu yako inayounguruma usiku kucha." Kweli, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kufundisha modeli itambue magonjwa ya muhogo kwa picha za majani, na kazi hiyo hufanywa na kadi ya grafiki. Nilibisha sana. Lakini kubisha bila namba ni kelele tu, nikaamua kupima.

Nilianza kwa kosa. Task Manager ya Windows ilionyesha GPU iko asilimia 100, nikadhani nimepata jibu. Kumbe asilimia ile inaonyesha kadi ina shughuli kiasi gani, haisemi inakula wati ngapi. Kwa kadi ya NVIDIA, wati unazipata kwa amri hii:

nvidia-smi --query-gpu=power.draw --format=csv -l 1

Kila sekunde inaleta namba mpya. Modeli ikiwa kazini, yangu ilichezea wati 80. Baadhi ya laptopu hurudisha N/A tu. Kama yako ni mojawapo, usikate tamaa, njia ya pili haihitaji programu yoyote.

Angalia mita ya luku. Ina kataa kanakowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa idadi ya miwako kwa uniti moja, mfano 1000 imp/kWh. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, kwa hiyo kwenye mita hiyo kila mwako ni wati-saa 1. Yako ikiwa imeandikwa 1600, kila mwako ni wati-saa 0.625.

Mchana mmoja nilizima kila kitu ndani: feni, taa, chaja za simu. Nikaacha laptopu peke yake, betri ikiwa imejaa kabisa, maana betri inayochaji nayo inavuta umeme na itakuharibia hesabu. Modeli ikiwa kazini nilihesabu miwako 20 kwa dakika 10. Zidisha kwa 6 upate saa nzima: wati 120. Laptopu ikiwa imetulia, nilisubiri nusu saa kwa sababu miwako ni michache. Ilikuwa 9, yaani wati 18.

Tofauti ni wati 102, wakati kadi ilisema 80. Hizo 22 zimeenda wapi? Prosesa inayoilisha kadi picha, feni zinazozunguka kwa kasi, na chaja, ambayo hupoteza sehemu ya umeme kama joto. Iguse uone. Kadi haidanganyi, ila inajihesabu yenyewe tu. Luku inahesabu kila kitu.

Mitego miwili zaidi. Usipime kazi nzito ukiwa umechomoa chaja, kwa sababu laptopu nyingi huibana kadi zikiwa kwenye betri. Pia, kadi inayolala ili kutunza betri huamshwa na amri ile ile ya kuipima. Ukiiacha amri inajirudia kila sekunde, wewe ndiye unayeinyima usingizi.

Sasa hukumu. Wati 120 kwa saa 8 za usiku ni uniti 0.96. Hita yetu ya kuchemshia maji ni ya wati 1500. Ikiwaka dakika 10 inakula uniti 0.25. Sisi watatu tukichemsha mara moja moja asubuhi, ni 0.75. Kwa hiyo wenzangu hawakunisingizia, ila hata hita ilikuwa inakula kimya kimya bila kulaumiwa.

Tumekubaliana: usiku nikifundisha modeli, naongeza uniti moja mwenyewe. Hita inabaki ya wote. Tangu siku hiyo hatujagombana tena kwa ajili ya luku.