Kiti cha Mwamuzi: Wanawake wa Ballroom na Dansi ya Vogue (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1967, kwenye mashindano ya urembo yaliyofanyika Town Hall, New York, Crystal LaBeija, mshiriki Mweusi, alipinga matokeo waziwazi, akidai kwamba Weusi hawakutendewa haki. Malalamiko yake yamehifadhiwa katika filamu ya The Queen ya mwaka 1968. Hakurudi kuwabembeleza waamuzi wale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na mwenzake Lottie waliandaa mashindano ya Weusi wenyewe huko Harlem, kwa jina la House of LaBeija. Kwa hiyo, anayetafuta mizizi ya upinzani katika ballroom, yaani utamaduni wa mashindano hayo, asianzie kwenye dansi. Wanawake hawa waliobadili jinsia walianza kwa kutwaa mamlaka ya kuamua nani mrembo. Vikundi vingine vya namna hiyo, viitwavyo nyumba, vikafuata, kila kimoja na mama yake mlezi. Na mama huyo hakuishia kuwanoa wanawe kwa mashindano, bali aliwapa hifadhi vijana waliofukuzwa makwao.

Bell hooks, mhakiki Mweusi aliyeheshimika sana, aliiandikia filamu ya Paris Is Burning, inayohusu ballroom, pingamizi zito: kwamba kinachotukuzwa pale ni uanamke wa Wazungu matajiri. Pingamizi hilo lina ukweli wake, maana lipo shindano ambalo alama hutolewa kwa kadiri mshiriki anavyoweza kupita mitaani asitambuliwe kuwa amebadili jinsia. Lakini kupita bila kutambuliwa kulikuwa suala la uhai. Venus Xtravaganza, aliyeonekana katika filamu hiyohiyo, aliuawa mwaka 1988 kabla haijakamilika. Kumlaumu mtu wa namna yake kwa kuiga ni kusahau bei aliyotozwa asiyeweza kuiga.

Tena uigaji haukubaki kuwa ndiyo yote. Vogue ya kwanza ilifuata mapozi ya jarida lililoipa jina, lakini mtindo wa baadaye, vogue fem, uliochipuka kwenye miondoko ya wanawake hawa, una mikono inayosimulia, mwendo wa kuchuchumaa kama bata, mizunguko, na kujitupa chali sakafuni mguu mmoja umekunjwa. Mwili wa namna hiyo haukunakiliwa kutoka kwenye jarida. Wapo wanaosema wimbo wa Madonna kuhusu dansi hiyo, wa mwaka 1990, ulitosha kuiletea heshima. Umaarufu uliletwa, kweli. Ila Angie Xtravaganza, mama wa nyumba aliyewalea wengi, alifariki mwaka 1993 kwa maradhi yaliyohusiana na UKIMWI, na kazi ya kuwalea waliobaki ikabaki mikononi mwa nyumba zenyewe.