Rejeta Haitaki Maji ya Kisima

Injini ya petroli ni mbadhirifu. Katika kila lita tatu za mafuta inazounguza, ni kazi ya lita moja hivi, na mara nyingi pungufu, inayolisukuma gari. Nyingine hutoka na moshi kupitia ekzosi, na inayobaki huishia kwenye vyuma vya injini yenyewe kama joto. Joto hilo lisipoondolewa, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Kazi ya kuliondoa imekabidhiwa kimiminika kinachozungushwa na wota pampu kati ya injini na rejeta.

Kwa madereva wengi wa Afrika Mashariki kimiminika hicho bado ni maji: ya bomba, ya kisima, hata ya mto yaliyochotwa kwa dumu pale pale gari lilipochemshia. Hoja yao inajulikana. Kulanti ni ya nchi za barafu. Dar es Salaam barafu iko kwenye friji tu, sasa hela ya kulanti ya nini?

Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Ethilini glaikoli, ambayo ndiyo kiini cha kulanti nyingi, ilitengenezwa na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katikati ya karne ya 19. Ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1927 kwa jina la Prestone, wenye magari waliinunua ili maji yasigande ndani ya injini wakati wa baridi kali. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Tena kwa kubeba joto, maji yanaishinda kwa mbali: glaikoli tupu hubeba chini ya asilimia 60 ya joto linalobebwa na maji ya uzito ule ule. Kwa hiyo anayemimina kulanti nzito bila kuichanganya, akidhani anaitendea injini wema, analipa zaidi ili ipoe kidogo.

Nusu ya pili ya hoja ndiyo yenye kasoro, kwa sababu inasahau kuchemka na kutu.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huko huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Feni ya umeme ya magari mengi huanza kuzunguka joto likikaribia hapo hapo. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta, ambao springi yake hubana shinikizo ndani na kusogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi kama 20. Mfuniko uliolegea mpira hauna msaada huo, na ni ajabu ni mara ngapi fundi hubadilisha pampu na feni kabla ya kuutazama. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huongeza nyuzi nyingine saba au nane. Kwa gari la mizigo linalopanda Mlima Kitonga kwa gia ndogo, injini ikifanya kazi kwa nguvu zote na upepo wa kupoza rejeta ukiwa haba, nyuzi hizo si mapambo.

Kutu ni adui wa polepole. Chukua injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi zinazozunguka mijini. Bloku yake ni ya alumini, silinda zimevikwa chuma, hedi ni alumini, rejeta ni alumini. Metali tofauti zikiloweshwa pamoja katika maji yenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na metali dhaifu huliwa. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, na kloraidi hutoboa alumini vishimo vidogo vidogo. Ukihamia kwenye maji magumu ya bara, tatizo ni chokaa: ule ukoko mweupe unaobaki kwenye birika hujengeka pia ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, na joto hushindwa kupenya.

Kinachozuia hayo ni kemikali za kinga zinazochukua asilimia chache tu za kopo la kulanti. Hizo ndizo mnunuzi anazozilipia, na hizo ndizo huchakaa hata kama rangi bado inang'aa.

Rangi, kwa kweli, si mwongozo. Hakuna kanuni ya kimataifa inayosema kijani ni hiki na nyekundu ni kile. Kila kiwanda hutia rangi yake. Tofauti halisi imo kwenye kinga, na hapo kuna historia ya maji. Ulaya, penye maji magumu, watengenezaji waliepuka fosfati kwa sababu hugandamana na kalsiamu na kuacha mashapo. Wajapani waliepuka silikati wakihofia sili za wota pampu, wakabaki na fosfati. Ndiyo maana kulanti ya waridi ya Toyota, ambayo hubadilishwa kwa mara ya kwanza gari likifika kilomita 160,000 na baadaye kila kilomita 80,000, haifai kuongezewa maji magumu. Aliyenunua kulanti nzito aichanganye na maji ya betri yaliyosafishwa, lakini asome chupa vizuri: asidi ya betri mara nyingi hupangwa kwenye rafu hiyo hiyo. Na aina mbili zisichanganywe, maana kinga zake huweza kudhoofishana.

Liko pia suala la themostati, ambayo gereji bubu nyingi huing'oa gari likichemsha. Kifaa hicho huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Bila hicho injini hukaa baridi mno na kula mafuta zaidi. Isitoshe, katika injini nyingi za Toyota themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi kwenye foleni.

Mfuniko ufunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, na kiwango kitazamwe kila wiki. Mshale wa joto usiaminiwe peke yake: maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani na inaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba gasketi imeachia.

Kulanti iliyotolewa isiachwe kwenye beseni uani. Ethilini glaikoli ni tamu, mtoto au mbwa huinywa bila kusita, na mwilini hugeuka asidi zinazoharibu figo. Kiasi kidogo huua. Mwanzoni aliyeinywa huonekana kama mlevi tu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na kopo lipelekwe pamoja naye ili daktari ajue anatibu nini.