Simu Ilipowatangulia Wazee

Mimi ni karani wa parokia, na kazi ya karani ni kuandika. Naandika waliobatizwa, naandika waliofunga ndoa, naandika waliozikwa. Vitabu vyetu ofisini ni vizito, na mwandiko wa makarani walionitangulia ni mzuri kuliko wangu. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya maandishi yangu haimo vitabuni humo. Imo katika simu ya mkononi. Nina makundi ya WhatsApp 12: la jumuiya, la kwaya, la kamati ya ujenzi, la wenzangu tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, la ukoo wa baba, la ukoo wa mama, na mengine ambayo sikumbuki ni nani aliyenitia. Yote yalia kutwa. Basi wiki hii nimeona yafaa niwaeleze wasomaji jinsi kitu hiki kilivyonisaidia na jinsi kilivyonitia aibu, maana najua siko peke yangu.

Nianze na aibu.

Mwaka juzi, siku ya soko, yapata saa nane mchana, nilipigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Kijana wa hapa kwetu aliyekuwa akiendesha bodaboda huko mjini amegongwa na lori, naye amefariki hospitalini. Aliyenipigia alikuwa ndugu yake. Alisema amekwisha mwarifu baba yao mdogo, na wazee wawili wanajitayarisha kwenda kumwambia mama. Akaniomba niandae tangazo la Misa. Nikampa pole, tukaagana, na mara mkono wangu, kwa mazoea tu, ukafungua kundi la jumuiya. “Tunasikitika kuwatangazia…” Nilitaja jina la marehemu, nikataja na jina la mama yake. Nilidhani nafanya jema, ili watu wajitayarishe mapema. Kazi yote haikuchukua dakika mbili.

Mama mwenyewe alikuwa sokoni na ndizi zake. Yeye hana simu ya kupangusa. Anayo ile ndogo ya vitufe ambayo vijana huiita kitochi, wala hayumo katika kundi lolote. Lakini binti mmoja muuza dagaa, meza ya tatu kutoka kwake, alikuwa nayo. Akausoma ujumbe wangu, akainuka mbio, akamkumbatia yule mama huku akilia, “Pole mama, pole sana.” Mama akamwuliza, “Pole ya nini?”

Wale wazee wawili walikuwa bado njiani, wanakwenda kwa miguu, na mmoja wao hutembelea fimbo.

Kila aliyezaliwa kwetu ajua habari ya namna ile hupelekwaje. Wazee hawafiki na kusema. Hubisha hodi, hukaribishwa, hukaa, huuliza habari za watoto na za shamba. Kumbe wamekwisha watuma akina mama wawili wa jirani waje wakae karibu. Mara nyingine husema kwanza kwamba mgonjwa amezidiwa. Ndipo maneno yenyewe huja, polepole, na yanapofika, mikono ya kumshika mfiwa iko tayari. Nilipokuwa mtoto niliona mambo hayo ni kupoteza wakati, mbona hawasemi? Nakumbuka pia jinsi Redio Tanzania Dar es Salaam ilivyokuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nyumbani tulinyamazishwa sote, maana huenda likatajwa jina la mtu wetu. Wapo waliosikia msiba wao kwa njia hiyo, sikatai. Lakini tangazo lile lilipaswa kuandikwa, kupelekwa, kulipiwa, kisha kungoja saa yake. Katika kungoja huko miguu ya wazee mara nyingi ilipata nafasi ya kutangulia. Mimi niliiondoa nafasi hiyo kwa kidole kimoja.

Nilikwenda kwake siku ya tatu baada ya mazishi kumwomba radhi. Nilikuwa nimetunga maneno mengi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwanangu, ningependa kuambiwa nikiwa nimekaa.” Hakusema jingine juu ya jambo hilo, akaniletea uji.

Sasa nisipoendelea nitakuwa nimeidhulumu simu, kwa sababu ni simu hiyo hiyo iliyomleta kijana wake nyumbani. Gari la kubeba maiti kutoka Dar es Salaam mpaka huku ni fedha nyingi, na ukoo ule si wa watu wenye nazo. Zamani aliyekuwa mbali alitia noti katika bahasha, akamwomba dereva wa basi aipeleke, kisha akakaa akiomba Mungu dereva awe mwaminifu. Kutuma fedha kwa simu kulianza Kenya mwezi Machi 2007, kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2008 kukafika kwetu Tanzania. Basi usiku ule rambirambi ziliingia kutoka Mwanza, kutoka Dodoma, na kutoka Muscat huko Oman, ambako dada wa marehemu ni mtumishi wa nyumbani. Kufikia jioni ya pili gari lilikuwa limelipwa. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Kila mchango ulikuja na jina la mtoaji, kiasi chake, na saa yake, hata tulipofunga hesabu hapakuwa na ugomvi wala minong’ono. Waliopata kukaa katika kamati za mazishi wajua jambo hilo lilikuwa adimu kiasi gani.

Yule dada hakupewa ruhusa ya kusafiri. Siku ya maziko binamu yake alisimama ukingoni mwa kaburi ameinua simu, naye kule Muscat akaona udongo ukitiwa, akasikia nyimbo. Mtandao ulikatika mara mbili. Mwishoni mama alipewa simu ile, wakalia pamoja, mmoja hapa na mwingine ng’ambo ya bahari. Sijui kama ningekuwa mimi ningependa kutazama. Lakini mama alisema ni vema, na katika hilo neno lake latosha.

Tatizo ni kwamba simu iliyoinuliwa siku ile haikuwa moja. Nilizihesabu nyingine tano, za watu wasio wa ukoo, zikimpiga picha marehemu jeneza lilipofunguliwa aagwe. Kabla ya jua kutua picha ile ilikuwa imefika wilaya nyingine, kwa watu ambao hawakupata kumjua akiwa hai. Mpaka leo sijamwelewa mtu anayeweza kuinua simu mbele ya uso wa maiti.

Lakini nani atamcheka? Mkono wake ulifanya kama ulivyofanya wangu, kabla ya kichwa kuamua. Hapa nikakumbuka somo la chuoni. Katika saikolojia tulifundishwa habari za B. F. Skinner, Mmarekani aliyefanya majaribio kwa njiwa. Njiwa akidonoa kitufe hupata punje. Punje zikija kwa mpango anaoujua, hudonoa kwa vipindi, hupumzika, hudonoa tena. Lakini zikija bila mpango, pengine baada ya kudonoa mara tatu, pengine baada ya mara 30, njiwa yule hudonoa pasipo kupumzika, na hata punje zikikoma huchukua muda mrefu kukata tamaa. Skinner na mwenzake Charles Ferster waliyaandika hayo katika kitabu mwaka 1957. Katika mtihani nilipata alama nzuri kwa swali hilo. Sikufikiri kwamba siku moja njiwa nitakuwa mimi.

Maana ndivyo ilivyo. Nafungua simu, hamna kitu. Nafungua tena, hamna. Mara ya tatu pana salamu ya rafiki niliyempoteza miaka kumi, na moyo wafurahi. Kwa punje ile moja nitafungua mara 20 nyingine. Watengenezaji wa vitu hivi si wajinga. Mwaka 2006 fundi mmoja wa huko Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya ukurasa usio na mwisho: ukikaribia chini, mengine yajileta yenyewe. Baadaye alitamka hadharani kwamba anajutia kazi ile. Gazeti hili lina ukurasa wa mwisho. Msomaji akifika hapo hulikunja, akaenda zake kuteka maji.

Siku moja nilichukua karatasi nikaamua kuchora mstari kila nifunguapo simu bila kuitwa. Nilifika mistari 41 kabla ya chakula cha mchana, nikaacha kwa haya. Katika mara zote hizo, mambo yaliyohitaji jibu langu yalikuwa mawili.

Na nyumbani je? Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani nikamwita mwanangu wa miaka minne: “Njoo kwa baba.” Akaingia ndani kwanza, akatoka na simu yangu mikononi, akanipa, akageuka kwenda kucheza. Alidhani ndiyo niliyokuwa nikiitaka. Mke wangu aliona, wala hakusema neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maelekezo mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na mwenye miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, tena ikipungua ni bora zaidi. Wengi wetu tumewafanya simu kuwa yaya. Mtoto akilia, apewe katuni anyamaze. Hunyamaza kweli. Nami nimefanya hivyo wakati wa kumalizia hesabu za mwezi, kwa hiyo sisemi kama mtu aliye safi.

Juu ya wezi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa habari zao zajulikana. Ule ujumbe wa “ile pesa itume kwenye namba hii” umekwisha wala watu wengi. Katekista wetu mmoja mstaafu alikuwa akingoja namba ya kulipia karo ya mjukuu; ujumbe wa mwizi ukaja saa ile ile, akatuma. Mwizi hakumjua, hutupa ndoano elfu, na moja hukuta samaki mwenye njaa. Msomaji wa Tanzania akipata ujumbe wa namna hiyo aipeleke namba ya mwizi kwenda 15040, bila gharama ya akili nyingi. Na katika WhatsApp, ukiona habari yenye alama ya mishale miwili, ujue imekwisha pita mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 wenye WhatsApp wenyewe wamezuia habari ya namna hiyo isipelekwe zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Kupita mikono mingi si ushahidi wa ukweli wake.

Baada ya yale ya sokoni nilikwenda kwa wenyeviti wa jumuiya nikawaeleza kosa langu, tukakubaliana jambo moja. Jina la marehemu lisiandikwe katika kundi lolote mpaka mzee wa ukoo aseme mwenyewe kwamba wafiwa wamekwisha ambiwa. Haikupita bila maneno. Vijana walisema walioko mbali wahitaji kujua upesi, maana mabasi huondoka alfajiri na asiyejua jioni hatawahi maziko. Walisema kweli. Basi tukaongeza kwamba hao wapigiwe mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu, wala si kwa kundi. Tena tumelifungia kundi la matangazo hata waandike wasimamizi peke yao. Simu yenyewe inayo njia ya kufanya hivyo. Tangu hapo agano letu limevunjwa mara mbili, na mara zote mbili mvunjaji alisema maneno niliyoyasema mimi: nilidhani nafanya jema.

Nyumbani simu yangu yapanda juu ya kabati tangu chakula cha jioni mpaka mtoto alale. Siku nyingine nashindwa. Nimegundua kabati letu si refu vya kutosha.

Yule mama bado ana kitochi chake. Binti yake wa Muscat humtumia salamu za sauti kwa WhatsApp, lakini kitochi hakiwezi kuzifungua, kwa hiyo huzileta kwangu. Jumamosi, soko likiisha, mama hupita ofisini na kikapu chake. Mimi huacha kuandika, humvutia kiti karibu na dirisha, hungoja mpaka amekaa vizuri na kikapu amekiweka chini. Ndipo namfungulia sauti ya mwanawe.