Kula nyama na kumhurumia mnyama: Je, mambo haya yanapatana? (2)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulizitaja hoja mbili zinazomkabili mla nyama wa leo: uharibifu wa mazingira na mateso ya mnyama. Wengi huzichukulia kuwa ni hoja moja, wakidhani kwamba aliyeitii ya kwanza amekwisha kuitii na ya pili. Sivyo. Leo tutaona jinsi hoja hizi zinavyogongana, na nini kinamfaa mtu anayetaka kuziheshimu zote mbili bila kuacha nyama kabisa.

Tuanze na mazingira. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Vijidudu vilivyomo tumboni mwao huvunjavunja nyasi na kuzalisha gesi ya methani, ambayo sehemu kubwa hutoka mdomoni kwa mbweu. Kwa kipimo cha miaka 100, uzito ule ule wa methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyokusanywa kutoka mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119. Waliona kwamba gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama huambatana na wastani wa kilo 50 hivi za gesijoto. Za kuku ni karibu kilo 6, na za njegere hazifiki hata kilo moja.

Anayejali hali ya hewa pekee akizisoma takwimu hizo ataona njia ni nyeupe: aache nyama ya ng'ombe, ale kuku. Lakini ng'ombe wetu wa asili akichinjwa hutoa nyama ya kilo 100 na zaidi, ilhali kuku wa kisasa hutoa kilo moja na kitu. Kwa hiyo aliyehama kutoka ng'ombe kwenda kuku amepunguza gesi, lakini ameongeza roho zinazotolewa: badala ya mnyama mmoja, sasa ni kuku wapatao 100. Tena ng'ombe yule ametembea juani miaka kadhaa, amekula majani na kuishi na kundi lake. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa wiki tano au sita, baada ya kukaa bandani maisha yake yote. Amezalishwa anenepe upesi mno, hata miguu ya baadhi yao hushindwa kuubeba mwili. Nafuu ya mazingira hapa imelipwa na mnyama.

Wanafalsafa nao hawakubaliani. Peter Singer, Mwaustralia aliyeandika Animal Liberation mwaka 1975, hupima maumivu: kiumbe anayeweza kuteseka, mateso yake yahesabiwe sawa na ya mwingine. Tom Regan, Mmarekani aliyeandika The Case for Animal Rights mwaka 1983, alikwenda mbali zaidi. Kwake, mnyama anayejitambua ana thamani yake mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kumfanya chombo cha mwingine, hata akilelewa vizuri namna gani. Anayemfuata Regan hana budi kuacha nyama. Hakuna bucha itakayompatanisha na imani hiyo, na tusimdanganye.

Lakini wengi wetu hatujasimama hapo. Tunaamini kuwa mnyama anaweza kuliwa, ila si ruhusa kumtesa. Msimamo huu hatukuupokea juzi kutoka Ulaya. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mchinjaji anoe kisu sawasawa na ampunguzie mnyama taabu, na wanazuoni wanakemea kunoa kisu mbele ya macho yake au kumchinja huku mwenzake akitazama. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kasoro yetu iko katika utekelezaji. Tazama malori yanayoleta ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam: safari ndefu, wanyama wamebanana, aliyeanguka hukanyagwa na wenzake. Ni mlaji yupi huuliza habari hizo anapoagiza mishikaki?

Turudi kwenye mazingira, maana wastani wa dunia huficha mengi. Nchini Brazili, misitu ya Amazon imekatwa kwa eneo kubwa ili kupata malisho. Kwetu, sehemu kubwa ya mifugo iko kwenye nyanda kavu ambako mahindi hukauka kabla ya kubeba, na ng'ombe hugeuza majani asiyoweza kuyala binadamu kuwa maziwa na nyama. Hata hivyo, nako pia ng'ombe anaweza kuharibu au kuhifadhi. Huko Kondoa ardhi ilimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoathirika. Uoto ulirejea, lakini wananchi walikosa maziwa na samadi, na kuanzia mwaka 1989 ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa sharti la kufugwa zizini. Shinyanga ilifuata njia nyingine. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi. Ng'ombe walibaki, na zaidi ya hekta 300,000 za miti na majani zilirejea.

Kondoa na Shinyanga zinatufundisha kwamba swali la kumuuliza mla nyama si moja. Nyama hii imetoka wapi? Mnyama aliishije, alisafirishwaje, alichinjwaje? Na unakula kiasi gani? Swali hili la mwisho halimbani kila mtu sawa. Mmarekani wa kawaida hutumia zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka, na Mtanzania hafikii hata kilo 20. Kumwambia mtoto wa kijijini Monduli apunguze nyama ni dhihaka. Kumwambia hivyo mkazi wa mjini anayekula nyama choma kila jioni ni ushauri wa haki, kwa mazingira na kwa afya yake.

Hukumu yangu ni hii: anayepinga kuua mnyama na bado anakula nyama anajipinga mwenyewe. Lakini anayepinga mateso na uharibifu anaweza kula nyama bila unafiki, mradi ale kidogo, maharage na kunde vichukue nafasi kubwa sahanini, na awe tayari kulipa zaidi kwa nyama ya mnyama aliyetunzwa. Kuku wa bei ya chini kabisa kuna aliyeilipia nafuu hiyo, naye ni kuku mwenyewe.

Juma lijalo tutaeleza wajibu wa halmashauri na wamiliki wa machinjio. Kabla ya hapo, msomaji, muulize muuza nyama wako ng'ombe wake wametoka wapi na wamefikaje.