Sarafu za Zamani za Jirani Zetu: Ni Mali au ni Chuma Tu?

Katika miji na vijiji vya Kenya na Uganda, kama ilivyo hapa kwetu, hakukosekani mtu aliyerithi kopo la sarafu za zamani, naye akaamini kwamba ameachiwa mali. Imani hiyo yaweza kuwa na msingi, lakini aghalabu msingi wenyewe si ule anaoudhania.

Umri peke yake hauipi sarafu thamani. Zitazameni senti kumi zenye tundu za mwaka 1936, zilizoandikwa jina la Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka mmoja katika kiti chake, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba sarafu zake ni adimu. Sivyo. Zilitengenezwa kwa wingi, zikaenea Kenya, Uganda na Tanganyika, na hata wakusanyaji wa sarafu huuziana kwa bei ndogo.

Shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ile yenye simba, ina habari nyingine. Zile zilizotolewa kati ya mwaka 1921 na 1946 zilichanganywa na madini ya fedha kwa kiasi cha robo ya uzito wake. Kuanzia mwaka 1948 fedha iliondolewa, zikatengenezwa kwa shaba na nikeli. Simba ni yule yule, na kwa zile za mwaka 1946 na za mwaka 1948 mfalme ni yule yule, George wa Sita. Asiyesoma mwaka hawezi kujua anauza nini. Hata hivyo tusitie chumvi. Shilingi moja ya mwaka 1942 ina uzito unaokaribia gramu 8, na fedha iliyomo haifiki gramu 2. Mwenye shilingi kumi za namna hiyo ana kitu kinachozidi kwa mbali thamani iliyoandikwa juu yake, lakini hajapata shamba wala nyumba.

Kinachopandisha bei zaidi ni idadi ya sarafu zilizobaki, wala si idadi ya zile zilizotengenezwa. Mwaka 1972 Uganda ilitengeneza mamilioni ya sarafu za shilingi tano, zenye pembe saba, kisha zikaondolewa. Zilizosalia ni chache, na leo wakusanyaji huzitafuta sana.

Huko huko Uganda, mwezi wa Mei mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zilifanywa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Kwa hiyo shilingi ya Uganda ya mwaka 1966, ukiihesabu kwa maandishi yake, hainunui hata njiti ya kiberiti. Ikiwa ina bei, bei hiyo hutoka kwa mkusanyaji peke yake, naye halazimishwi na sheria yoyote kuinunua.

Kenya haikufuata njia hiyo. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote katika fedha, na mwezi wa Desemba mwaka 2018 zikatolewa sarafu zenye picha za wanyama. Lakini sarafu zenye sura za Mzee Kenyatta, Moi na Kibaki hazikufutwa, bali ziliachwa zitumike pamoja na hizo mpya. Sarafu iliyochakaa ya aina iliyojaa mifukoni mwa watu haiwi hazina kwa sababu tu picha imebadilika.

Hapa ndipo matapeli wanapopata nafasi. Mtu akikuahidi mamilioni kwa sarafu moja, kisha akataka kwanza umtumie ada ya usajili au ya ukaguzi, huyo anataka ada yako, si sarafu. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, hadai. Tena huuliza mwaka, hutazama kama maandishi yamelika, na akikuta sarafu imesuguliwa kwa mchanga na ndimu ili ing'ae, hupunguza bei papo hapo.